GEJI ISEMAYO KWELI

Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama wetu mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka. Yanachapishwa kwa ombi la waliohudhuria.

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wetu, Mwalimu Mkuu, waalimu, wazee mliotutangulia katika madawati haya, ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma mkisikilizia harufu ya pilau:

Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa heshima hii. Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya wajibu wa mtumishi wa umma. Nilimjibu kwamba wajibu huo umekwisha kuhutubiwa sana, na watu husinzia. Nikamwomba nizungumze juu ya jambo dogo nililolishika kwa mikono yangu, nalo ni kufunga geji katika dashibodi ya gari. Alikubali kwa sharti nisizidi nusu saa. Naahidi kulitimiza, na naahidi pia kwamba kabla sijaketi tutakuwa tumemfikia yule mtumishi wa umma.

Nieleze kwanza ni gari la namna gani. Mwaka 1957 Mwingereza Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alitoa gari dogo la wazi lililoitwa Seven. Lilikuwa na fremu ya mabomba ya chuma, mabati ya alumini ubavuni, viti viwili, injini mbele, na basi. Halikuwa na milango ya maana wala paa la kujivunia. Uzito wake ulikuwa karibu nusu tani, hali gari la kawaida la familia siku hizi huzidi tani moja. Imani ya Chapman ilikuwa kwamba kila kilo unayoipunguza ni faida wakati wa kuondoka, wakati wa kukata kona, na wakati wa kufunga breki.

Gari hilo liliuzwa zaidi likiwa vipande ndani ya masanduku. Sababu yake ilikuwa kodi. Wakati ule gari zima lilitozwa kodi ya manunuzi, bali vipande havikutozwa. Husimuliwa kwamba kwa kuwa sheria haikuruhusu muuzaji kutoa maelezo ya kuunga gari, kampuni ilitoa maelezo ya kulifungua, na mnunuzi akayasoma kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mwaka 1973 kodi hiyo iliondolewa ikaja kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka huo huo haki ya kuliunda gari hilo ikahamia kampuni ya Caterham, ambayo inaliunda hadi leo. Zipo pia kampuni nyingine zilizotengeneza magari ya umbo hilo hilo, na watu wanaendelea kuyaunga wenyewe katika mabanda ya nyumbani.

Nililifahamu gari la aina hiyo mwaka 2011, nilipokuwa masomoni Uingereza kwa mwaka mmoja. Mzee mwenye nyumba niliyopanga alikuwa fundi wa mitambo aliyestaafu. Alikuwa amenunua gari ambalo mwenyewe wa kwanza alianza kuliunga asimalize. Injini ilikuwa imefungwa, magurudumu yapo, lakini dashibodi ilikuwa bamba tupu la alumini. Mzee huyo alikuwa na mikono yenye ujuzi na macho yaliyochoka. Alihitaji mtu wa kumsomea maandishi madogo na kumshikia waya. Shahada yangu ni ya uchumi na takwimu, si ya ufundi. Fizikia ninayoijua ni ile niliyofundishwa katika maabara ile mnayoiona dirishani. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu fizikia hiyo ndiyo iliyotosha.

Vijana, geji ni nini? Geji ni mjumbe. Dereva amekaa mahali pamoja, na mambo makubwa yanatendeka mahali asipoweza kutia jicho: ndani ya injini, ndani ya rejeta, ndani ya tangi la petroli lililoko nyuma ya kiti chake. Huko kila mahali kuna kitu kidogo kiitwacho sensa, ambacho hupima na kupeleka habari kwa waya. Geji hupokea habari ile na kuigeuza kuwa mshale. Kwa hiyo dereva haoni petroli, anaona mshale. Haoni joto, anaona mshale. Akiuamini mshale mwongo, ni afadhali asingekuwa na mshale kabisa, maana angekuwa na hadhari.

Katika gari jepesi jambo hili lina uzito zaidi. Gari la namna ile hukata kona kwa nguvu hata oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, na pampu ikavuta hewa kwa sekunde moja au mbili. Shinikizo la oili huanguka, na vyuma vinavyozunguka maelfu ya mara kwa dakika husuguana vikavu. Taa nyekundu ya oili tuliyoizoea huwaka pale shinikizo linapokuwa limekaribia kwisha, yaani huja na tanzia badala ya onyo. Ndiyo maana mwenye gari hilo hutaka geji ya shinikizo la oili, na huiweka mahali jicho lake linapofika bila kugeuza shingo.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Kabla ya kukata tundu hata moja, Mzee aliagiza nikate duara za karatasi: mbili kubwa za kipima mwendo na kipima mizunguko ya injini, na nne ndogo za milimita 52, ambacho ni kipimo cha kawaida cha geji ndogo. Tulizibandika katika bamba, akaketi kitini akiwa ameshika usukani, nami nikazihamisha huku na huko mpaka usukani usifiche hata moja. Kisha tukapima kwa nyuma. Geji ina kina, na nyuma ya dashibodi ya gari lile kuna bomba la fremu na mota ya waipa. Mtu akikata tundu zuri mbele ya bomba, anabaki na tundu zuri tu.

Baada ya hapo ndipo tulipotumia msumeno wa duara kwenye drili, taratibu, tukasawazisha kingo kwa tupa. Kingo hizo zina sheria. Katika Uingereza gari lililoungwa na mtu binafsi haliandikishwi mpaka lipite ukaguzi wa Serikali, na mkaguzi hutazama hata makali ya dashibodi ambayo kichwa cha abiria kingeweza kuyagonga.

Halafu ukaja umeme, na kabla ya yote tukatoa waya wa betri. Kila geji ya umeme huhitaji njia nne: umeme unaokuja swichi ya gari inapowashwa, ukipitia fyuzi, waya wa sensa, waya wa taa yake ya usiku, na njia ya kurudia kwenye betri, ambayo mafundi huiita ethi. Tulizichora zote katika karatasi moja kubwa kabla ya kugusa waya. Waya wowote uliopita katika tundu la bati uliwekewa raba, kwa kuwa bati hutikisika, na bati linalotikisika ni kisu.

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo nilipojifunza kwamba geji inaweza kuwa mpya, nzuri, imefungwa imara, na bado ikadanganya. Nitataja namna tatu za uongo wake.

Uongo wa kwanza ni wa lugha mbili. Geji ya petroli hupokea habari kwa njia ya ukinzani wa umeme. Ndani ya tangi kuna boya, na boya linapopanda au kushuka ukinzani hubadilika. Lakini watengenezaji hawakupatana. Geji nyingi za Ulaya husoma omu 10 kuwa tangi tupu na omu 180 kuwa tangi limejaa. Desturi ya Kimarekani ni kinyume: omu 240 ni tupu, na omu 33 ni kujaa. Sasa chukua boya la Kimarekani uliunge na geji ya Ulaya. Tangi likijaa, mshale utasimama karibu na tupu. Petroli ikiisha kabisa, mshale utapanda na kupita alama ya kujaa.

Hayo hayakuwa mambo ya kitabuni. Mzee alikuwa ameuziwa geji na boya dukani kama vitu vinavyokwenda pamoja. Kabla ya kulitia boya tangini tuliliweka mezani, tukaunga multimita, nikaliinua kwa kidole taratibu. Chini lilisoma 240, juu 33. Kijitabu cha geji kilisema 10 na 180. Tuliyaandika yote mawili ubavu kwa ubavu, na hapakuwa na la kubishania. Boya likarudi dukani, likaja jingine. Kipimo kile kilichukua dakika tano. Bila dakika hizo, mzee wa miaka 70 angeondoka usiku katika barabara kuu, malori yakimfuata nyuma, akiwa na tangi tupu na mshale unaomwambia kwamba anayo petroli tele.

Uongo wa pili ni wa ethi mbaya. Sensa nyingi zina waya mmoja tu, na njia ya kurudi ni chuma kilichozishika. Lakini fremu ya gari kama lile hupakwa rangi nzito isiyopitisha umeme, na baadhi ya sehemu ni faibaglasi, ambayo haipitishi kabisa. Hata utepe mweupe tunaozungushia nyuzi za bomba ili lisivuje unaweza kuzuia ethi ya sensa ukizungushwa kwa wingi. Dalili zake ni hizi: unawasha taa kubwa, na mshale wa petroli na mshale wa joto inasogea pamoja. Fikirini, vijana. Petroli na maji havijuani. Kama vitu viwili visivyojuana vinabadilika kwa wakati mmoja, tatizo haliko kwenye petroli wala kwenye maji, liko kwenye njia wanayoitumia wote wawili kurudi nyumbani. Tulikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, tukavuta waya mmoja mnene wa ethi kutoka dashibodi hadi kwenye betri, na kila geji ikapewa tawi lake.

Uongo wa tatu ni wa hesabu. Kipima mizunguko huhesabu cheche. Injini ya mipigo minne yenye silinda nne na koili moja hutoa cheche 2 kwa kila mzunguko. Ya silinda sita hutoa 3. Nyuma ya geji kuna kiswichi cha kuchagua. Kikiachwa kwenye sita katika gari la silinda nne, injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika itaonyeshwa kuwa inazunguka mara 4,000. Dereva atazidi kukanyaga akidhani bado ana nafasi, mpaka injini imjulishe kwa kishindo.

Kipima mwendo nacho kina hesabu yake, inayofuata ukubwa wa matairi, na huwekwa sawa kwa kuendesha umbali uliopimwa. Hapo sheria ya Ulaya ina busara ninayoipenda. Husema kipima mwendo kinaweza kuzidisha kidogo, lakini kisionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko ule halisi. Maana yake, ikiwa hapana budi chombo kikosee, kikosee upande wa hadhari.

Dawa ya uongo wote huo ni moja: pima kabla ya kuamini. Sensa ya joto tuliitia katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, tukaandika ukinzani wake katika nyuzi 40, 60, 80, hadi maji yalipochemka, tukaona unashuka kadiri joto linavyopanda, kama kijitabu kilivyosema. Mtakaofanya jaribio hilo hapa shuleni mkumbuke kwamba tuko nyanda za juu. Kwenye mwinuko wa mita 1,600 maji huchemka karibu nyuzi 95, wala si 100. Msije mkailaumu sensa kwa kosa la mlima.

Geji ya petroli nayo tuliipima peke yake kwa vikinzani viwili vya bei ndogo, kimoja cha omu 10 na kingine cha omu 180. Cha kwanza kikaupeleka mshale kwenye tupu, cha pili kwenye kujaa. Hapo ndipo tulipojua kwamba mjumbe anaijua lugha.

Mwishowe Mzee alifanya jambo ambalo madereva wa mashindano hulifanya. Alizizungusha geji ndogo ndani ya matundu yake, ili injini ikiwa salama mishale yote isimame wima. Namba zilikaa upande upande, lakini dereva hakuhitaji kuzisoma. Mshale ulioinama ungejitangaza wenyewe. Na alikataa geji ya saba niliyomshauri, ya joto la oili. Aliniuliza, "Ukiiona imepanda, utafanya nini ambacho hungefanya kwa kuona hizi nyingine?" Sikuwa na jibu, naye akasema kwamba geji usiyoitolea uamuzi ni uzito tu. Najua wapo wenye magari ya namna ile watakaopingana naye, na wana hoja zao. Swali lenyewe nimelihifadhi.

Ndugu Mwenyekiti, sasa tumemfikia mtumishi wa umma. Kazi yangu wizarani ni kusoma taarifa. Taarifa ni geji. Mimi nimeketi mahali pamoja, na kisima kiko mbali, katika kijiji ambacho huenda nisikifike. Mezani kwangu unakuja mshale: "Kisima kinafanya kazi." Nikiupitisha kama ulivyo, na walio juu yangu wakaupitisha, nchi inaweza kuendeshwa usiku kwa tangi tupu linaloonyesha limejaa. Kwa hiyo nimezoea kuuliza maswali ya banda lile. Sensa iko wapi, yaani, ni nani aliyekwenda akateka ndoo? Je, aliyeandika na ninayesoma tunatumia lugha moja, au kwake "kinafanya kazi" maana yake ni kwamba pampu haijaibwa? Na taarifa zote za wilaya zikisogea pamoja mwezi mmoja, je, ni visima vilivyobadilika, au ni njia wanayoitumia wote?

Wenzangu wengine huona maswali hayo ni ya kukosa imani. Sivyo. Kumpima mjumbe ni kumheshimu, kwa kuwa baada ya hapo utamsikiliza hata akileta habari mbaya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza kwamba anayemkemea mjumbe wa habari mbaya, mwakani ataletewa mshale uliosimama wima kwa sababu umekufa. Sote tumepanda mabasi yenye geji za namna hiyo, na dereva akapima petroli kwa kijiti.

Vijana, mnapofundishwa Kanuni ya Ohm huenda mnadhani ni jambo la kukariri kwa ajili ya mtihani. Lile boya lililosoma kinyume halikugunduliwa na mtu mwenye shahada ya ufundi. Liligunduliwa kwa kanuni hiyo, kwa multimita, na kwa kukubali kwamba namba iliyoonekana ndiyo namba, hata kama dukani walisema vingine.

Hilo linanileta kwenye ombi langu, nami naliweka mbele ya mkutano rasmi. Jana Mwalimu wa Fizikia alinitembeza maabara. Vipo vifaa, navyo vimetunzwa vizuri, lakini multimita haziwatoshi wanafunzi, hata wengi huona mwenzao akipima, wao wasipime. Napendekeza Umoja wetu ununue za kutosha ili kila wanafunzi watano wawe na moja, pamoja na betri zake za akiba. Mimi nimekuja na nne, ziko kwenye lile boksi pale mezani kwa Katibu. Naomba sharti moja tu, na Mwalimu Mkuu aniwie radhi: zisifungiwe kabatini kusubiri wageni. Ziharibike mikononi mwa wanafunzi. Multimita iliyochakaa kwa kupimia imefundisha watu, na mpya iliyomo ndani ya mfuko wake haijamfundisha mtu yeyote.

Nusu saa yangu imekwisha, na saa ya ukutani pale ni geji ambayo bado sijaipima, lakini pilau nimeinusa mwenyewe.